Usimfute jirani katika picha

Ndugu wanafunzi, na nyinyi walimu wetu tunaowaheshimu,



Mumezoea kwamba kapita akiandika katika gazeti hili, anaandika juu ya nidhamu: waliochelewa ibada ya asubuhi, waliopiga kelele katika dortwari kisha taa kuzimwa, waliosahau zamu yao ya kufagia. Leo ninaacha hayo. Ninataka kusema juu ya foto, na sana sana juu ya ule ukungu unaowekwa nyuma ya mtu katika foto. Wapiga picha wa mjini wanauita "flu", kwa Kifaransa. Najua wengine wataanza kucheka na kusema, "Kapita naye amegeuka mpiga picha!" Mucheke, lakini musome mpaka mwisho. Wiki chache tu zimebaki, na sisi wa mwaka wa mwisho tutapiga picha zetu za kuagana. Neno hili linatupasa kabla ya siku ile.

Munajua kama mzamu wetu mzee alifariki kisha likizo ya Pasaka. Ni yeye aliyelinda mlango wa masomo yetu. Ni yeye aliyegonga ile jante ya lori saa kumi na moja asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Mwanafunzi akiugua usiku, ni yeye aliyeamka wa kwanza na kushika taa. Siku ya pili ya matanga, binti yake alikuja hapa pamoja na mdogo wake. Walinikuta mbele ya biro ya Bwana Prefe. Binti yule akaniambia:

"Kapita, tunakuomba. Tunatafuta foto ya papa, tuweke juu ya sanduku. Batu banatuambia kama nyinyi banafunzi muko na mafoto mingi ya hapa. Sisi tuko tu na ile ya kadi ya uchaguzi, na yenyewe imeisha kufutika."

Nikamjibu, "Ndiyo, yaya, tuko nazo. Mungoje kidogo tu."

Nilijibu hivyo bila shaka yoyote. Ni mwaka wa tatu sasa mimi ndimi ninayepewa aparei ya masomo siku za sikukuu, na foto zote ziko kwangu. Siku ya kufunga masomo mwaka uliopita niliwapiga wanafunzi zaidi ya 40, mmoja mmoja, mbele ya mlango mkubwa. Mzamu alikuwa pale pale, kwenye kiti chake, karibu na jante. Basi nikafungua foto zile, nikamtafuta. Nilimwona mara tisa. Mara tisa zote alikuwa doa. Doa la buluu, ndilo koti lake. Juu ya doa la buluu, doa jeusi, ndicho kichwa chake. Hakuna macho, hakuna kinywa, hakuna zile ndevu nyeupe ambazo tulizijua wote.

Tena nilikumbuka neno moja ambalo ningependa kulisahau. Siku ile mwanafunzi mmoja alininong'oneza, "Kapita, ule mzee anaharibu foto." Sikumwomba mzee asogee, juu ya heshima. Niligeuza tu pete ya kioo, nikamfuta. Nilijiona mtaalamu. Wenzangu wote wakafurahi, wakasema foto ni sawa za magazeti ya Ulaya.

Binti yule alishika aparei, akatazama foto moja kwa muda mrefu. Akauliza, "Papa ni huyu?" Nikasema ndiyo. Akanirudishia aparei, akasema asante. Hakusema neno lingine.

Kutoka siku ile nimekuwa nikifikiri. Sisemi ukungu ni zambi. Ninasema kama wengi wetu tunautumia bila kujua ni kitu gani, na bila kujua tunafuta nani. Kwa hiyo nitaeleza kwanza unatoka wapi, kisha nitasema maoni yangu.

UKUNGU UNATOKA WAPI

Kila nukta ya uso wa mtu inatuma mwanga pande zote. Sehemu ya mwanga ule inapita katika tundu la kioo cha aparei, na kioo kinaukusanya tena kusudi ukutane kwenye nukta moja, pale kwenye filme au kwenye kile kipande kinachopokea picha. Lakini kioo kinaweza kufanya hivyo sawasawa kwa umbali mmoja tu. Ukilenga mtu aliye kwa metre 2, mwanga wa uso wake unakutana vizuri. Mwanga wa mtu aliye nyuma yake unakutana mbele kidogo ya filme, kisha unatawanyika tena. Ukifika kwenye filme, hauko nukta tena, umekuwa doa la mviringo. Madoa maelfu yakilaliana, ndio ukungu.

Basi, tundu likiwa kubwa, mwanga unaingia kwa upana, na doa linakuwa kubwa. Tundu likiwa dogo, doa linakuwa dogo, na macho yetu yanaliona kama nukta. Kama mutu hasadiki, ajaribu hivi: mwenye miwani ya kuona mbali avue miwani yake, atoboe karatasi kwa sindano, achungulie ubao kupitia tundu lile. Ataona maandishi yanakuwa wazi zaidi. Ni kazi ile ile.

Tundu lile linapimwa kwa namba zilizoandikwa na herufi f. Wengi wanakosea hapa, wanazani namba kubwa ni tundu kubwa. Hapana. Namba ile ni ya kugawanya. Kioo chetu cha masomo kina fokali ya milimita 50. Ukiweka f/2, unagawanya 50 kwa 2: tundu lina upana wa milimita 25. Ukiweka f/16, unagawanya 50 kwa 16: tundu lina milimita 3 tu na kidogo. Na mwanga unaoingia kwa f/2 ni mara 64 ya ule wa f/16. Ndiyo maana mtu akifungua tundu sana saa sita ya jua, anapashwa kupunguza muda wa kupiga, kama sivyo foto inaungua yote.

Sasa tufanye hesabu ya kosa langu. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha pembetatu zinazofanana, na hapa zinatosha. Ukitaka kujua doa lina upana gani juu ya mtu wa nyuma, chukua upana wa tundu, zidisha kwa umbali toka mtu wa mbele mpaka wa nyuma, kisha gawanya kwa umbali toka aparei mpaka mtu wa mbele. Mwanafunzi alikuwa kwa metre 2 toka kwangu. Mzamu alikuwa kwa metre 4 nyuma ya mwanafunzi. Tundu lilikuwa milimita 25. Basi 25 mara 4, gawanya kwa 2, ni 50. Kila nukta ya uso wa mzamu iligeuka doa la sentimetre 5. Jicho la mtu halifiki sentimetre 5. Ndiyo sababu macho yake hayapo. Si kwamba aparei ni mbaya. Hesabu ilitimia.

Kama ningeweka f/16, doa lingekuwa kama milimita 6 tu. Macho yangeonekana, kinywa kingeonekana, ndevu zingeonekana. Mwanafunzi wa mbele hangepoteza kitu. Ilikuwa jua, mwanga ulikuwa mwingi. Kazi ile ingehitaji kugeuza pete upande mwingine, basi.

Mtu anayetaka ukungu ajue vitu vine vinavyouongeza. Kwanza, tundu kubwa. Pili, fokali ndefu: kioo cha milimita 100 kwa f/2 kina tundu la milimita 50, maradufu ya letu. Tatu, kukaribia mtu unayempiga. Ine, kumweka mtu yule mbali na ukuta au miti iliyo nyuma yake. Mwanafunzi aliyeegemea ukuta hawezi kupata ukungu, hata umpe aparei ya bei gani. Anayetaka kuondoa ukungu afanye kinyume cha hayo yote. Na ajue kama pahali panapoonekana wazi pana mipaka: kwa kioo cha 50 kwa f/2, ukilenga metre 2, kwenye aparei ya filme ya milimita 35, pahali pa wazi ni kama sentimetre 20 tu, mbele na nyuma pamoja. Kwa f/16, panaanza toka karibu metre moja na nusu mpaka zaidi ya metre 3. Ndiyo maana wakipiga picha ya kundi kwa mistari mitatu na tundu limefunguliwa sana, wa mstari wa nyuma wanatoka bila uso. Kisha wanamlaumu mpiga picha kama amewachukia!

TELEFONE INAFANYA NAMNA INGINE

Hapa nataka musikie vizuri, kwa maana wengi wetu hatupigi kwa aparei, tunapiga kwa telefone.

Kioo cha telefone ni kidogo sana. Fokali yake ya kweli ni milimita chache, tuseme 5 na kidogo. Kwa f/1.8, tundu linakuwa kama milimita 3. Fanyeni hesabu ile ile na metre zile zile: doa juu ya mzamu lingekuwa kama milimita 6. Maana yake, telefone ndogo ya kawaida inaona karibu kila kitu wazi, mtu wa mbele na wa nyuma. Haiwezi kutoa ukungu mwingi kwa nguvu ya kioo chake, isipokuwa ukipiga kitu kilicho karibu sana, kama ua au mdudu.

Basi ule ukungu wa foto za telefone unatoka wapi? Unatoka katika hesabu za mashine. Mwaka wa 2016 kampuni Apple ilitoa telefone yake iPhone 7 Plus, yenye vioo viwili. Vioo vile vinatazama kitu kimoja kutoka pande mbili tofauti kidogo, sawa macho yetu mawili. Inua kidole mbele ya uso, funga jicho moja kisha lingine: kidole kinaruka, mlima wa mbali hauruki. Kwa namna ile mashine inajua nani yuko karibu na nani yuko mbali, kisha inapaka ukungu juu ya walio mbali. Mwaka wa 2017 kampuni Google ilifanya vile kwa kioo kimoja tu katika telefone Pixel 2, kwa kuifundisha mashine kutambua umbo la mtu. Siku hizi hata telefone za bei ndogo zinafanya hivyo, na mara nyingi zinakosea. Angalieni foto zenu: nywele zimekatwa kama kwa makasi, sikio limekuwa nusu, au ile nafasi kati ya mkono na kiuno imebaki wazi wakati vyote vya nyuma vimefunikwa.

Lakini kosa la nywele si kitu. Neno linalonigusa ni hili. Aparei yenye tundu kubwa haikumwona mzamu vizuri tangu mwanzo. Lakini telefone ilimwona. Ilimwona na macho yake na ndevu zake, kisha ikamfuta, kwa sababu tuliibonyeza iwe vile. Telefone zingine zinahifadhi foto ya kwanza, na mwenyewe anaweza kuondoa ukungu kesho yake. Lakini ukimtumia mwenzako foto ile iliyokwisha kupakwa, kinachofika kwake ni ukungu tu. Haurudi tena nyuma. Siku zile za matanga tuliuliza marafiki waliopiga foto mlangoni. Mmoja aliuza telefone, mwingine alifuta zote juu ya kukosa nafasi, wengine walibaki na zile walizotumiwa tu. Zote ukungu.

MABISHANO HAYA SI YA LEO

Musizani kama ni sisi wa kwanza kubishana juu ya jambo hili. Huko Uingereza, mwaka wa 1889, Peter Henry Emerson aliandika kitabu akifundisha kama mpiga picha alenge sana kitu kimoja na kuacha vingine vilegee kidogo, kwa maana jicho la mtu linaona namna ile. Huko Marekani, mwaka wa 1932, wapiga picha wa California, kati yao Ansel Adams, Edward Weston na Imogen Cunningham, walijiunga na kujiita Kundi f/64. Walichagua jina la tundu dogo sana kusudi watangaze kama wanataka kila kitu kionekane wazi, toka jiwe la mbele mpaka mlima wa nyuma. Wote walikuwa watu wa akili. Walijua walichochagua. Sisi mara nyingi hatuchagui, tunafuata.

Na kuna foto moja ambayo sisi Waprotestanti wa Kongo tunapashwa kuijua kabla ya zingine. Mwaka wa 1904, kwenye misioni ya Baringa, mtu mmoja jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika akibeba mkono mmoja na mguu mmoja wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ABIR. Mke wa mmisionari, Alice Seeley Harris, alipiga foto: Nsala ameketi kwenye baraza, anatazama vile vilivyobaki vya mtoto wake. Foto ile na zingine alizopiga zilionyeshwa katika mikutano mingi Uingereza na Marekani. Watu waliokuwa wakisema kama habari za Kongo ni uongo, waliona kwa macho yao. Mwaka wa 1908 utawala wa Mfalme Leopold juu ya nchi hii uliisha, na foto zile zilikuwa kati ya vitu vilivyosaidia.

Sitaki kulinganisha mambo yetu madogo na mateso yale. Ninasema tu: Nsala hakuwa mtu mkubwa. Kwa kampuni ile, alikuwa mtu wa nyuma, mtu wa kufutwa. Kuna aliyemlenga, akamweka wazi. Kwa hiyo tunajua jina lake mpaka leo, na jina la mtoto wake.

WANAOSEMA "NYUMA YETU NI MBAYA"

Niliongea na wenzangu juu ya jambo hili. Walinijibu kwa ukweli, na sitawaficha. Mmoja alisema, "Kapita, nyuma yetu kuna nini? Mabati yenye kutu, nguo za bweni kwenye kamba, mama za mandazi na masufuria yao. Ninataka foto nzuri ya kumtumia yaya yangu mjini. Ni vibaya?"

Hapana, si vibaya. Tamaa ya kuonekana vizuri si ya leo. Huko Bamako, Seydou Keita alifungua studio mwaka wa 1948. Alitundika kitambaa nyuma ya watu, cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Alikuwa pia na nguo na vitu vya kuwaazima waliokuja kupigwa picha. Leo picha zake zinatundikwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Kitambaa hakidanganyi mtu. Kila mmoja anaona kama ni kitambaa. Anayetaka nyuma safi, atundike kitenge kizuri ukutani, naye atapata picha nzuri bila kumfuta mutu.

Tena ukungu una kazi zake za haki. Kama kuna mtu nyuma ambaye hakutaka kupigwa, ukungu unamheshimu. Kama kuna mgonjwa, au mtoto asiyevaa, ukungu unamfunika. Kama uso wa mama yako ndio unaotaka kuuweka, na nyuma yake kuna magari na vibao vya matangazo, funika magari yale. Mimi mwenyewe nitaendelea kuutumia.

Lakini tuseme ukweli, ndugu zangu. Mara nyingi hatufichi magari. Tunaficha masomo yetu. Tunaficha wale wanaopika fufu yetu, wanaochota maji yetu, wanaolinda usingizi wetu. Tunatuma foto mjini kusudi mtu azani tuko pahali pengine. Miaka sita tumekula kutoka mikono ya mama mmoja jikoni, na siku ya kuagana hatuna picha yake hata moja ambayo macho yanaonekana. Watu wale ndio waliotulea. Tunawaita "nyuma".

NINAPENDEKEZA HIVI

Kwa siku ya picha za wafinalisti mwaka huu, ninaomba Bwana Prefe na walimu waturuhusu tufuate mambo matatu.

La kwanza: kila mwanafunzi anayetaka foto ya ukungu, apigwe. Lakini apigwe na ya pili pale pale, tundu limefungwa kwenye f/11 au f/16, au telefone bila ule mtindo wa ukungu, kusudi masomo yaonekane. Ya kwanza atume mjini. Ya pili aiweke. Miaka 20 ikipita, ataona ni ipi atakayowaonyesha watoto wake.

La pili: kabla ya kubonyeza, mpiga picha atazame nyuma na kuuliza, nani yuko pale? Kama ni mtu tunayemjua, amwite: "Papa, Mama, karibu upigwe nasi." Akikataa, ni haki yake. Akikubali, asimame mbele.

La tatu: wafanyakazi wote wa masomo wapigwe mmoja mmoja, uso wazi, na kila mmoja apewe foto yake mkononi, kwenye karatasi, si katika telefone. Sisi wa mwaka wa mwisho tutachanga franka za kuzitoa mjini. Nimekwisha kuongea na wenzangu, na wengi wamekubali. Tuanze na mama za jikoni, tufuate na mzamu mpya.

Katika Injili ya Marko, sura ya 8, kuna kipofu wa Betsaida. Yesu alipomwekea mikono mara ya kwanza, kipofu yule alianza kuona, lakini watu walionekana kwake kama miti inayotembea. Nimesoma habari ile mara nyingi bila kuielewa. Sasa ninaona kama alikuwa katika ukungu. Alijua kuna watu, lakini hakuona nyuso zao. Na Bwana hakumwambia, "Inatosha, umeona." Alimwekea mikono mara ya pili, mpaka akaona kila mmoja wazi. Kama ningekuwa mimi na aparei yangu, ningemwacha kwenye miti.

Ninamaliza na habari njema kidogo. Usiku ule wa pili wa matanga, mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza aligonga mlango wangu. Sitasema jina lake, kwa maana telefone zimekatazwa katika dortwari, na mimi ndimi ninayepaswa kuzikamata. Alikuwa anaogopa. Alikuwa na telefone ndogo ya zamani, ile isiyojua kupaka ukungu. Siku ya kufunga masomo alimpiga rafiki yake mbele ya mlango, na wakubwa walimcheka juu ya foto yake, walisema ni foto ya kijijini, kila kitu kinaonekana. Ni kweli. Kila kitu kilionekana. Rafiki yake anacheka mbele, na nyuma yake, kwenye kiti, mzamu wetu amevaa koti la buluu, nyundo ya jante iko juu ya magoti, anatazama moja kwa moja. Tulikata upande ule, tukaupeleka mjini asubuhi. Haikutoka kubwa sana, na rangi haikuwa nzuri. Ndiyo iliyowekwa juu ya sanduku.

Yule mtoto sikumkamatia telefone yake. Bwana Prefe akisoma hapa, ninaomba anisamehe.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho